Mafuta Yasiyonukia

Kaloleni, Nairobi
8 Septemba 1996

Mjukuu wangu Ayuma,

Pokea salamu zangu mimi nyanya yako, niliye mzima isipokuwa goti la kushoto, na hilo goti lilikuwa hivyo hata kabla hujazaliwa, kwa hiyo usilihesabu. Majirani ni wazima. Kuku walikuwa watano, sasa ni wanne. Aliyekula wa tano namjua, lakini tunaimba naye kwaya moja, nimenyamaza. Bomba limekauka wiki ya pili, tunateka maji upande wa Makongeni na tunasukumana kama mbuzi.

Sasa jambo lenyewe. Patrobas, mtoto wa dada yangu anayeendesha basi la kuja huko kwenu Eldoret, alipita hapa juzi. Akanywa chai vikombe vitatu ndipo akakumbuka kuniambia kwamba mashavu ya Selpher yamekuwa makavu kama ganda la muhogo, na mtoto anajikuna hadi analia. Mtoto ana miezi minne, na mimi habari za ngozi yake naletewa na dereva. Wewe nilikulea mimi, katika chumba hiki hiki ninachoandikia. Kalamu unayo. Mkono unao. Hata mimi niliyejifunza kuandika nikiwa na mvi, pale ukumbini kwenye masomo ya ngumbaru, naweza kuandika "mtoto anajikuna". Ni maneno mawili.

Najua unachompaka. Umeona dukani mkebe wenye picha ya mtoto wa kizungu anacheka, ukafikiri na wako atacheka. Acha hiyo. Nimempa Patrobas mkebe wa mafuta yangu. Ni ya asili. Mafuta ya nazi na nta ya nyuki, nimeyapika mwenyewe, sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, makaa machache, nakoroga mpaka mkono wenyewe uniambie basi. Ndiyo hayo hayo niliyokupaka wewe na mama yako, na nusu ya watoto wa Kaloleni waliong'aa kanisani waling'aa kwa kazi yangu. Mpake asubuhi na jioni, mwili mzima, usibanie.

Na Januari ukianza kazi kwenye hiyo shule ya chekechea, nitakuja kumlea huyo mke mwenzangu mdogo. Nimeshawaambia watu wote hapa. Kwaya imeanza kutafuta mtu wa kushika nafasi yangu, ingawa hawatapata.

Msalimie mumeo Wasike. Mwambie avae sweta, kifua chake nakijua.

Nimeandika mwenyewe, sikusaidiwa,
Guku Muhonja


Eldoret
2 Oktoba 1996

Mpendwa Guku,

Shikamoo nyanya yangu. Sisi hatujambo, tunaombea hilo goti hata kama umesema tusilihesabu. Baridi ya huku imezidi, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Wasike amewekwa zamu ya asubuhi pale kiwanda cha nguo, kwa hiyo tunaamka pamoja na majogoo. Kanisani wamenichagua niwe mwalimu wa shule ya Jumapili, nadhani kwa sababu wengine wote walikataa. Mahindi ya jirani yamekomaa, anatugawia kila wiki. Wasike alinunua baisikeli ya mitumba, nyeusi, anaipenda kuliko sisi.

Mkebe ulifika, asante sana. Mjomba Patrobas aliuleta hadi mlangoni. Selpher anaendelea.

Guku, nilitaka kuuliza kitu kidogo tu. Kuna kitu ulibadilisha kwenye mafuta? Nilipofungua, harufu niliyoisikia si ile ninayoikumbuka nilipokuwa mdogo. Labda nimesahau.

Kuhusu Januari, usijisumbue kwanza kupanga. Safari ni ndefu na hilo goti lako. Wasike anasema huenda tukapata mtu wa hapa hapa. Bado tunafikiria.

Tunakupenda sana. Salimia kuku wanne.

Mjukuu wako,
Ayuma


Kaloleni
20 Oktoba 1996

Ayuma,

Salamu nakupa kwa sababu ni desturi, si kwa sababu nimefurahi. Mimi mzima. Maji yamerudi. Tumezika mzee wa nyumba namba kumi na saba, yule aliyekuwa akikukimbiza na bakora ukiiba mapera yake. Alikufa amelala, nyumba imejaa watu. Nimekula ubwabwa wa watu mpaka nikachoka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza polepole, maana mwandiko wako siku hizi unakimbia kama wa daktari. Mara ya pili nikahesabu. Baridi umeipa mistari minne. Mahindi ya jirani mstari mzima. Baisikeli mstari mzima. Mtoto umempa maneno mawili: "Selpher anaendelea". Anaendelea na nini? Hata mgonjwa mahututi anaendelea.

Kuhusu harufu, pua yako imeharibiwa na baridi. Mafuta ni yale yale. Hapa sokoni Burma kuna mwanamke anaitwa Mbeti, ameweka meza karibu na yangu tangu Pasaka, mafuta yake yananukia kama bibi harusi. Watu wanamkimbilia kama nyuki. Mimi simwigi mtu. Mwambie hivyo yeyote anayeuliza.

Na huyo "mtu wa hapa hapa" ni nani? Ana jina? Amelea watoto wangapi? Mimi nimelea tisa na wote wana meno. Sanduku langu nimeshalitoa chini ya kitanda, nimelipangusa, liko mlangoni, kila anayeingia analigonga na kidole cha mguu. Sasa nalirudisha chini ya kitanda, au nalifunga? Jibu swali hilo, usinijibu kwa mahindi.

Nimempa Patrobas mkebe mwingine, mkubwa zaidi. Inaonekana ule wa kwanza ulikuwa mdogo, ndiyo maana huna la kusema.

Guku


Kaloleni
11 Novemba 1996

Ayuma,

Sina salamu.

Patrobas amerudi. Nikamuuliza mtoto yukoje, akatazama juu kwenye bati. Nikamuuliza tena, akaniomba sukari. Nikashika ile sahani ya maandazi, nikamwambia hatakula hata moja mpaka aseme. Ndipo akasema alipoupeleka ule mkebe mkubwa, aliukuta ule mdogo ukining'inia kwenye msumari nje, kando ya baisikeli, na ndani yake kuna brashi.

Mafuta yangu yako kwenye mnyororo wa baisikeli.

Nimemaliza.

Muhonja


Eldoret
24 Novemba 1996

Guku wangu,

Shikamoo. Najua hukunipa salamu, mimi nakupa.

Nimekaa na kalamu hii siku tatu. Nitaandika tu ilivyokuwa, halafu unikasirikie ukijua.

Nilimpaka Selpher kama ulivyosema, mwili mzima, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza alilia kidogo, nikafikiri ni baridi. Siku ya pili alilia nikimgusa tu. Siku ya tatu alikuwa mwekundu toka shingoni hadi magotini, na nyuma ya magoti ngozi ilikuwa imepasuka, inatoa maji. Nilipomweka kwenye beseni alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto. Wasike akamfunga mgongoni na shuka langu, akapanda baisikeli, nami nikakimbia nyuma hadi kliniki. Watu njiani walicheka kumwona mwanamume amebeba mtoto mgongoni. Hakuwajali.

Pale kliniki kuna nesi mmoja anaitwa Sista Teresiah. Hakunigombeza. Alitutuliza kwanza, halafu akaniuliza kila kitu kinachomgusa mtoto. Sabuni gani. Nguo zinafuliwa na nini, zinasuuzwa mara ngapi. Anavaa sufu? Maji ya kuoga ni moto kiasi gani? Nikamwambia yote, mpaka nikafika kwenye mafuta. Nikasema kwa kujidai kabisa, ni mafuta ya asili, anapika nyanya yangu Nairobi. Akatabasamu, akaniambia, "Asili sawa. Lakini ndani mna nini?" Guku, sikujua. Nilikuuliza ndiyo nijue, nawe ukaniambia pua yangu imeharibika.

Anasema huu ni ukurutu. Hautokani na uchafu wala jicho la mtu. Ni ngozi ambayo imezaliwa nyepesi, kila kitu kinaiingia, na huenda akikua utamwacha, huenda ukawa unakuja na kwenda. Ametukataza kitu chochote chenye harufu nzuri, kiwe cha dukani au cha nyumbani. Hakuna poda. Maji ya vuguvugu, muda mfupi, sabuni kidogo sana na sehemu chafu tu. Akitoka kwenye maji tusimsugue na taulo, tumpanguse kwa kumgusagusa, na tumpake mafuta wakati ngozi bado ina unyevu. Kwa sasa tunatumia yale mazito yasiyo na harufu aliyotupa.

Ule mkebe mdogo nilishindwa kuutupa. Niliushika juu ya shimo la taka nikaona mikono yako inakoroga, nikarudi nao ndani. Wasike ndiye aliyeupatia kazi, na mimi nilimruhusu kwa sababu angalau usingepotea bure.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utaandika barua kama ile uliyoandika.

Kuhusu sanduku: sijui. Hilo ndilo jibu langu la kweli. Nataka uje kuliko unavyotaka kuja. Lakini nikifikiria niko darasani na wewe uko hapa na mtoto, na mikebe yako, na huniambii umeweka nini, ninaogopa. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Ayuma


Eldoret
27 Desemba 1996

Guku,

Kadi hii ndogo tu. Krismasi imepita na sikupata barua yako, mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani. Mjomba Patrobas anasema unaimba, unauza, unakula. Kwa hiyo ni mimi tu.

Shule inafunguliwa tarehe sita. Selpher atakaa na jirani yetu Kavata, yule wa mahindi. Mashavu yake yamepungua wekundu.

Mwaka mpya mwema, nyanya yangu.

Ayuma


Kaloleni
19 Januari 1997

Mjukuu wangu Ayuma,

Nakusalimu, na mumeo, na mtoto hasa. Goti ni lile lile. Kuku wamekuwa saba, mmoja alikuwa ameficha mayai nyuma ya tangi akatutokea na vifaranga kama mtu aliyetoka safari. Mvua haijui inataka nini. Krismasi niliimba vizuri, wote walisema.

Barua yako ya Novemba niliisoma mara moja tu. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia, na Biblia nikaiweka juu ya kabati. Kwa mwezi mmoja nilisoma Biblia ya jirani.

Baada ya mwaka mpya nikajifunga leso nikaenda Eastleigh kwa Fowsiya, yule mama Msomali ninayenunua kwake mafuta ya nazi. Nikamwambia, nieleze habari ya asili. Akanitolea mkebe wa unga wa kijani. Nikamwambia sitaki unga, nataka asili. Akasema ndiyo hii, na ni safi, ameletewa juzi. Kumbe kwao kuna majani wanayoyasaga ya kuoshea uso, wanayaita kasili. Yeye alisikia kasili, mimi nasema asili, tukazozana dakika kumi, kila mmoja akidhani mwenzake ni kiziwi. Wateja wakakaa kwenye magunia kutusikiliza.

Tulipoelewana nilimwaga kikapu changu mezani, nikamwonyesha kila kitu ninachotia kwenye mafuta. Nazi akasema sawa. Nta akasema sawa. Halafu akaiinua ile chupa ndogo ya mafuta ya karafuu aliyoniuzia mwenyewe, akasema, "Mama Muhonja, si hii ulinunua ya jino?"

Nikamwambia natia kwenye mafuta ya kupaka. Na maganda ya limau pia. Akauliza anapakwa nani. Nikaanza kurudisha vitu kikapuni. Akauliza tena, kwa upole, ndiyo kitu kibaya zaidi. Nikamwambia ni ya asili, inatoka mtini. Akasema, "Pilipili pia inatoka mtini, mama. Utampaka mtoto?"

Nikafunga kikapu changu nikaondoka.

Sasa sikiliza, nitaandika mara moja. Pua yako haijaharibika. Mafuta niliyokupaka wewe yalikuwa nazi na nta, basi. Karafuu na limau niliviongeza mwaka jana baada ya Pasaka, kwa ajili ya Mbeti. Watu walikuwa wanaingiza pua kwenye mikebe yangu, wanaona haina harufu, wanakwenda meza ya pili. Nami nikaona nitamwonyesha huyo Mbeti. Watu wazima hawakulalamika, ngozi zao ni ngumu kama roho zao. Sikufikiria kwamba mkebe niliokutumia ni wa chungu kile kile.

Nilipofika nyumbani nikajipaka, hapa ndani ya mkono ambapo jua halifiki, nikafunga na kitambaa siku mbili. Mimi Muhonja niliyechoma makaa, niliyefua kwa watu Eastleigh miaka kumi na mbili, mkono huu hauogopi kitu. Siku ya pili ulikuwa mwekundu na unawasha kama nimelalia siafu. Nikakaa kitandani nikafikiria yale magoti.

Mikebe yote ya karafuu nimeiondoa mezani. Mbeti akaniuliza kwa kucheka kama nimefunga duka. Nikamwambia naanza.

Najua kuna neno moja unalitafuta katika barua hii. Usilitafute. Mwalimu wa ngumbaru hakutufundisha kuliandika, tulifika herufi za mwisho mvua ikabomoa ukumbi.

Nimempa Patrobas mkebe mdogo. Nazi na nta. Sufuria nilisugua na mchanga na majivu, nikachemsha maji tupu ndani yake mara tatu hadi hayanuki kitu. USIMPAKE MTOTO. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usiseme hukuona. Mpe kwanza yule Sista wako anuse. Akikubali, weka kidogo, kama punje ya maharagwe, mkononi mwa Selpher. Ngoja siku mbili. Pakiwa pekundu, Wasike apake baisikeli, sitakasirika.

Nitakasirika kidogo.

Guku Muhonja


Eldoret
16 Februari 1997

Mpendwa Guku,

Shikamoo, tena shikamoo, tena shikamoo. Barua yako Wasike alinisomea kwa sauti jikoni, na alipofika kwenye kasili na asili ilibidi aketi chini. Nilicheka hadi Selpher akaanza kucheka bila kujua ni nini.

Darasani nina watoto arobaini na mmoja, na wote wanataka kwenda choo kwa wakati mmoja. Napenda kazi hii. Jioni sauti yangu imekwisha kabisa, Wasike anasema ndiyo raha ya mwaka mpya.

Sista Teresiah alifungua mkebe, akanusa, akanusa tena, akampa mwenzake anuse. Akasema haunukii kitu chochote na kwamba hiyo ni sifa. Tukampaka Selpher mkononi, punje ya maharagwe kama ulivyoagiza. Siku mbili nilikuwa natazama ule mkono kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Hakuna kitu. Tukajaribu mguu mmoja, siku tatu. Hakuna kitu. Sasa tunampaka mwili wote akitoka majini, na yale aliyotupa Sista tunayaweka pale palipopasuka tu. Sikudanganyi kwamba amepona. Wiki iliyopita shingo ilianza tena, tukagundua Kavata anamwekea poda yenye harufu kila mchana ili, anavyosema, mtoto anukie vizuri. Ana roho nzuri sana na siwezi kugombana naye, ametulisha mahindi mwaka mzima. Lakini kila nikirudi shuleni namkuta mtoto mweupe kama aliyetoka kusaga unga.

Guku, funga sanduku.

Nina masharti, na umeniambia nisijibu kwa mahindi, kwa hiyo nayaandika wazi. Kitu chochote kipya, hata kama umekitengeneza wewe, hata kama alikitumia bibi yako, kinaanza mkononi siku mbili. Nikikuuliza umeweka nini, unaniambia. Ngozi ikibadilika nisipokuwepo, unaniambia siku hiyo hiyo, hata kama ni kosa lako. Nami nikikosea nitakuambia. Mimi ndiye niliyekaa kimya miezi miwili, silisahau hilo.

Wasike anauliza jambo moja na ameniapiza niliandike: je, ile ya karafuu bado ipo? Mnyororo haujawahi kuzunguka hivi.

Tunakungoja,
Ayuma


Kaloleni
27 Februari 1997

Ayuma,

Hatujambo. Nimesoma masharti yako. Nimewahi kuajiriwa na Wahindi, na Wazungu, na mwanamke mmoja wa Buruburu aliyehesabu vipande vya sabuni, na hakuna aliyenipa masharti kama hayo. Nimeyakubali. Lile la tatu nimelisoma mara mbili.

Nina langu moja. Chumba nitakacholala kisiwe na kioo kinachotazamana na kitanda. Sitaki kuamka na kukutana na mwanamke mzee.

Meza yangu ya Burma nimemwachia Mbeti aitunze. Ndiyo, Mbeti. Nilimwonyesha mkono wangu na nikamwambia aache kuuzia wenye watoto wachanga yale ya kunukia. Alinibishia wiki nzima, halafu Jumamosi nikasikia anamuuliza mteja, "Ni ya nani, mkubwa au mdogo?" Si rafiki yangu. Ila anasikia.

Mwambie Wasike mikebe kumi na mmoja ya karafuu iko ndani ya gunia, inakuja na mimi. Afungue karakana.

Nafika Jumamosi na Patrobas.

Guku


Eldoret
17 Aprili 1997

Kwa mwalimu Ayuma, huko Kisumu kwenye kozi,

Salamu kutoka nyumbani kwako. Ni ajabu kukuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako. Wasike ni mzima, anakula, anavaa sweta. Baridi yenu ni ya kweli, nilidhani unatia chumvi. Kwaya ya kanisa lako inaimba sauti ya pili kama watu wanaovuka barabara, nimeanza kuwanyoosha.

Karatasi uliyobandika ukutani yenye mambo kumi na moja ya kufanya, naifuata. La saba halikuwa na maana, nalifuata hivyo hivyo. Maji napima kwa kiwiko. Nguo nasuuza mara mbili, Wasike analalamika kuteka maji, nimemwambia apakie mitungi kwenye baisikeli yake laini. Mtoto anakula uji na viazi, na ameanza kusimama akishika meza, anaanguka, anajicheka.

Sasa jambo la leo, maana uliniwekea sharti la siku hiyo hiyo.

Mchana Kavata alikuja na zawadi. Chupa nzuri, rangi ya dhahabu, amemnunulia Selpher kwa sababu anamkumbuka. Mafuta ya majani gani sijui, ananiambia ni ya asili kabisa, hayana neno. Alikuwa ameshafungua kifuniko, ameshamshika mtoto mguu. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake. Nikamuuliza, ndani mna nini? Akasema hajui, lakini inanukia vizuri. Nikaichukua chupa nikaifunga, nikamwambia asante, tutampa mama yake aamue. Akakasirika. Akasema sisi watu wa Nairobi tunajiona, yeye amelea watoto watano kwa poda na mafuta na hakuna aliyekufa, na mimi nimejulia wapi mambo ya ngozi, kwani mimi ni daktari?

Nilikuwa na majibu mengi, unanijua. Yalikuwa yamepanga foleni mdomoni. Badala yake nikamwambia hivi.

"Mimi nilimchoma huyu mtoto. Kwa mafuta niliyoyapika mwenyewe, na nilikuwa naimba nikiyapika."

Akauachia mguu wa mtoto. Selpher alikuwa anapiga beseni kwa kijiko na kutuhutubia. Baadaye Kavata akakaa chini, akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza yote, hata Mbeti. Nikamwekea chai. Akaondoka na chupa yake, na akaniomba nimwonyeshe namna ya kumpangusa mtoto bila kumsugua, kwa sababu mjukuu wake wa Turbo naye ana mikono ya namna hiyo na hakuna aliyewahi kumwambia chochote isipokuwa kwamba ni uchafu.

Kwa hiyo lile neno ulilolitafuta limesemwa. Limesemwa kwa jirani, na wewe nimekuandikia ili usilisikie kwa dereva. Ukirudi usinikumbatie kwa ajili yake, na usinitazame kwa yale macho yako. Mtazame mtoto. Mgeuze, angalia nyuma ya magoti. Mimi hupaangalia kila asubuhi kabla sijasema neno na mtu yeyote, hata na Mungu.

Leo palikuwa laini.

Aliyekaa na mtoto,
Guku Muhonja